Kichwa kinamwamsha saa saba na nusu kila usiku. Tuuze ng'ombe tununue sindano?

Hujambo Sista,

Nakuandikia kutoka Mamboleo, hapa Kisumu, na ninaandika mchana kwa sababu usiku kwetu hakuna nafasi. Mume wangu ana miaka 38, ni fundi wa magari. Tangu mvua ya Machi ianze, kichwa kinamwamsha kila usiku saa saba na nusu, hakipiti dakika kumi mbele wala nyuma. Kinashika upande wa kulia tu, nyuma ya jicho. Jicho linakuwa jekundu, machozi yanatiririka, kope inalegea kama ya mtu aliyelemewa na usingizi, na tundu la pua la upande huohuo linachuruzika. Kulala hawezi. Anatoka nje anazunguka nyumba amekishika kichwa, na usiku mwingine namsikia akikigonga ukutani. Baada ya saa moja hivi, kimya. Anarudi kitandani amelowa jasho, na asubuhi anaenda gereji kama kwamba hakuna lililotokea. Siku nyingine kinamrudia hata mchana.

Miaka miwili iliyopita kilimjia vivyo hivyo, kikakaa miezi miwili, kikaondoka chenyewe. Safari ile alitibiwa malaria mara tatu ingawa kipimo hakikuonyesha malaria, akapewa dawa za sainasi, akang'olewa gego la juu ambalo halikuwa na tundu. Safari hii tumemnunulia miwani. Panadol, Brufen, sindano ya diklofenaki, zote ni kama maji. Juma lililopita daktari mmoja kijana alituambia huenda ni kichwa cha klasta, akakiri kwamba amekisoma vitabuni tu, hajawahi kumwona mgonjwa wake.

Tangu hapo nyumba imegawanyika. Mama mkwe anasema saa hiyo ya usiku si ya bure, kuna mtu amemtega mwanawe, na anataka tumpeleke kwa mganga. Shemeji yangu aliye Marekani anasema kuna sindano mpya ya kila mwezi ya ugonjwa huu, kwa pesa zetu inakaribia laki mbili, na tukichanga ataituma. Rafiki yake wa gereji naye amempa namba ya mtu wa Nakuru anayeuza uyoga uliosagwa ukatiwa kwenye vidonge, shilingi 15,000 chupa, eti wazungu wameufanyia utafiti na unakikata kichwa kabisa. Tuna ng'ombe wawili wa maziwa nyumbani Nyakach. Mume wangu anataka tuuze mmoja.

Sista, kuna jambo moja zaidi. Juzi usiku aliniambia, "Mama Akinyi, hiki kikija tena heri nisiamke." Alisema mara moja tu. Sijamwambia mtu.

Mama Akinyi, Kisumu

*

Mama Akinyi, mdogo wangu,

Naanza na hilo uliloliweka mwisho, kwa sababu ndilo lililonitoa kitini. Alipokuambia heri asiamke, hakuwa anatia chumvi. Maumivu ya klasta ni miongoni mwa makali zaidi ambayo mwili wa binadamu unajua kuyatoa, na madaktari wa neva duniani kote wanajua kwamba wagonjwa wake hufikia kusema maneno hayo. Muulize leo, mchana, mkiwa wawili, kwa maneno ya wazi: "Uliposema vile, ulikuwa unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakutampa wazo ambalo hana. Dawa nyingi, kamba na sumu ya shambani visikae mahali anapopita usiku. Mwambie ndugu mmoja unayemwamini, ili usiwe peke yako saa saba na nusu. Laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, haina malipo na kuna watu wa kuzungumza naye. Na akikuambia kwamba ameshapanga namna, msingoje asubuhi, nendeni kasualti usiku huohuo.

Sasa ugonjwa wenyewe. Sijamwona mumeo na siwezi kumpima kwa barua, lakini uliyoyaandika ni kama umenakili ukurasa wa kitabu cha wauguzi. Upande mmoja, nyuma ya jicho. Jicho jekundu, machozi, kope kulegea, pua ya upande uleule. Dakika 15 hadi saa tatu kwa kila shambulio, kuanzia moja kila baada ya siku mbili hadi manane kwa siku. Na huko kuzunguka nyumba ni alama kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwenye kipandauso hutafuta chumba chenye giza, hujilaza na hataki kuguswa. Mwenye klasta hatulii. Kama ungenieleza alama zote hizo halafu ukaniambia hulala kimya kitandani, ningesita.

Kuhusu saa, mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba swali lake ni zuri na hata wataalamu walijiuliza hilohilo: kwa nini saa ileile? Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ndiyo inayotunza saa ya mwili, ya kulala, kuamka na kusikia njaa. Mwaka 1998 watafiti waliwapiga picha wagonjwa wa klasta wakati shambulio linaendelea, wakaona sehemu hiyo imewaka. Kwa hiyo aliyetega saa hiyo yumo ndani ya kichwa cha mwanawe mwenyewe, hana jina la jirani yeyote. Ugonjwa huu humpata takriban mtu mmoja kati ya 1,000, wanaume zaidi ya wanawake, na mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40. Katika mji kama Kisumu kuna mamia, na sina shaka wengi wao wamepoteza meno.

Niruhusu nikuambie la kwangu. Nikiwa muuguzi wa zamu ya usiku katika hospitali moja, miaka mingi iliyopita, aliletwa kijana akipiga mayowe, anazunguka benchi, jicho moja limevimba. Nilimwambia aketi aache fujo. Nilidhani amelewa, halafu nikadhani anatafuta sindano ya kulevya. Tulimchoma diklofenaki, akakaa saa moja, kikapoa chenyewe, akaenda zake. Ukutani, hatua mbili kutoka alipokuwa amesimama, palikuwa na oksijeni. Nilikuja kujua maana ya nilichokiona baada ya miaka, nikisoma. Ndiyo sababu jibu langu litakaa sana kwenye oksijeni na litapita haraka kwenye vitu vipya, ingawa vipya ndivyo ulivyoniulizia.

Oksijeni ileile ya mtungi tunayowapa wenye nimonia hukata shambulio la klasta. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2009 uliwapa wagonjwa oksijeni safi katika mashambulio fulani na hewa ya kawaida katika mengine, bila wao kujua ni ipi. Baada ya dakika 15, kwa oksijeni mashambulio 78 kati ya 100 yalikuwa yamekwisha au yamepoa vya kutosha. Kwa hewa ya kawaida, 20. Lakini kuna namna ya kuivuta, na hapo ndipo hospitali nyingi hukosea kisha zikasema haifanyi kazi. Inatakiwa lita 12 kwa dakika au zaidi, kwa dakika 15, kupitia barakoa inayoziba pua na mdomo, yenye mfuko wa hewa unaoning'inia chini na vali zinazozuia hewa ya chumbani isichanganyike. Vile vimirija viwili vya puani kwa lita tatu au nne havitoshi. Aanze mara tu anapohisi kinakuja, akiwa ameketi, ameinama mbele kidogo. Asingoje hadi kizidi.

Tangu enzi za Covid-19 hospitali nyingi za kaunti zimejengewa mitambo ya oksijeni au kupata mitungi zaidi, na huo ni urithi ambao watu wa klasta bado hawajaambiwa kwamba ni haki yao pia. Piga hesabu nami: lita 12 mara dakika 15 ni lita 180 kwa shambulio moja. Mtungi wenye lita 1,360 za gesi utamtosha mara saba. Muulize daktari akuandikie mtungi wa nyumbani, regulata inayofika lita 15, na barakoa ya aina niliyoieleza. Ile mashine ndogo ya umeme inayochuja oksijeni kutoka hewani, kwa kawaida haifikii kasi hiyo wala usafi huo, kwa hiyo usiinunue kabla ya kuuliza. Na kwa kuwa mumeo ni fundi, nalisema hili kabla hajalifikiria: mtungi wa kuchomelea vyuma usimkaribie puani. Haukujazwa kwa ajili ya mapafu ya mtu. Mtungi wa hospitali nao usikae chumba chenye jiko, mshumaa au sigara, wala usishikwe kwa mikono yenye grisi. Grisi na oksijeni iliyoshindiliwa hulipuka, na mikono ya fundi unaijua.

Kuna sindano ya zamani ya kukata shambulio, sumatriptani, miligramu 6 chini ya ngozi, iliyothibitishwa tangu 1991. Hufanya kazi ndani ya dakika 15 hivi. Haifai kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo au presha isiyodhibitiwa, na haipiti mara mbili kwa siku. Vidonge vyake huchelewa mno, vikianza kufanya kazi shambulio limeshaondoka. Hili ndilo kosa la Panadol na Brufen pia, mbali na kwamba hazigusi maumivu ya aina hii. Tramadol na dawa za jamii ya mofini msizikubali kama njia ya kila usiku, zitamwachia tatizo la pili.

Hayo ni ya kuzima moto. Kinachozuia usiwake ni kingine, na hapa dawa kuu ni verapamili, dawa ya zamani ya presha na moyo. Kwa kawaida huanza na miligramu 240 kwa siku, zikigawanywa, na daktari huipandisha polepole. Huweza kuchelewesha umeme wa moyo, kwa hiyo lazima apimwe ECG kabla ya kuanza na kila inapopandishwa. Daktari akiwaandikia dozi kubwa bila ECG, mwombeni kipimo hicho kwa upole, lakini msitoke bila hicho. Kwa sababu verapamili huchukua siku kadhaa kushika, huwekewa daraja: predinisoloni kwa muda mfupi. Wajerumani walimpima ndugu yake, predinisoni, vizuri, wakachapisha mwaka 2021: miligramu 100 kwa siku tano, kisha kupunguzwa hatua kwa hatua. Juma la kwanza waliopewa walipata wastani wa mashambulio 7.1, wasiopewa 9.5. Si muujiza, lakini kwa mtu anayehesabu usiku ni kitu. Predinisoloni si ya kununua dukani ukajimezea. Huamsha kifua kikuu kilicholala, hupandisha sukari, huchoma tumbo. Mumeo ataje dawa zote anazomeza, za ARV zikiwemo kama zipo, kwa maana baadhi hugongana na hizi.

Daraja jingine ni sindano ya steroidi na ganzi nyuma ya kichwa, upande unaouma, karibu na neva ya kisogoni. Huchukua dakika chache, vifaa vyake ni vya kawaida, na huweza kuwapa wagonjwa wengi majuma kadhaa ya nafuu. Inahitaji daktari aliyefundishwa, haihitaji Marekani. Mimi ningeiulizia hii kabla ya kuulizia kitu chochote cha laki mbili.

Sasa sindano ya shemeji. Hajakudanganya, ipo. Inaitwa galkanezumabu, inauzwa kwa jina la Emgality, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu kwa klasta mwezi Juni 2019. Hufanya kazi kwa kukamata kemikali iitwayo CGRP, ambayo neva za uso huimwaga shambulio linapoanza. Dozi ni miligramu 300 mara moja kwa mwezi, msimu unapoanza hadi unapokwisha. Katika utafiti wake, waliochomwa walipungukiwa na mashambulio 8.7 kwa juma, na waliochomwa maji matupu 5.2. Utaona kwamba hata maji yalionekana kusaidia. Sababu ni kwamba msimu wa klasta hupungua wenyewe ukikaribia mwisho wake, na hili ndilo linalowapa sifa waganga, wauza vidonge na hata sisi wa hospitali. Tofauti ya kweli ni hayo mashambulio matatu na nusu. Kwa mtu anayeteseka ni mengi, na mwenye bima ya kulipia namwambia aichukue bila kusita. Lakini mamlaka ya Ulaya ilipoutazama ushahidi huohuo mwaka 2020, ilikataa kuiruhusu kwa klasta. Na kwa wale ambao klasta yao haina likizo, mwaka mzima mfululizo, ilijaribiwa ikashindwa. Ndugu yake fremanezumabu majaribio yake yalisimamishwa kwa kutoonyesha faida.

Mumeo, kwa maelezo yako, ni wa misimu, kwa hiyo ni wa lile kundi ambalo galkanezumabu inaweza kulisaidia. Hata hivyo hesabu yangu ni hii. Msimu uliopita ulikaa miezi miwili. Huu umeanza Machi. Mkiuza ng'ombe, mkachanga, mkatuma pesa, sindano ikasafiri ikitakiwa kukaa kwenye baridi njia nzima hadi Kisumu, huenda ikafika msimu ukielekea kwisha, na mtasema imemponya. Mwaka wa kesho kutwa kikirudi mtauza wa pili. Na dawa ya sindano inayotumwa mkononi mwa msafiri, bila daktari wa hapa kuiandika, ikimdhuru hakuna wa kumwuliza.

Kuna kifaa kidogo kiitwacho gammaCore, kinachobanwa shingoni na kuisisimua neva ya vagasi kwa umeme mdogo. Wamarekani walikiruhusu 2017, na kilisaidia watu wa misimu kuliko wale wa mwaka mzima. Kuna pia upasuaji wa kuweka waya karibu na neva za kisogoni, uliopimwa na watafiti walioongozwa na Waholanzi na kuchapishwa 2021 kwa wale ambao dawa zote zimeshindwa. Mumeo hajajaribu hata moja ya dawa hizo, kwa hiyo hayo tuyaache.

Uyoga. Nataka nikujibu kwa haki, kwa sababu hapa nako kuna chembe ya ukweli ambayo muuzaji ameikamata. Ndani ya uyoga fulani mna kemikali, saikosilobini. Mwaka 2006 madaktari wa Marekani waliwahoji wagonjwa 53 wa klasta waliokuwa wameitumia wenyewe, hiyo au LSD, dawa nyingine ya kuvuruga fahamu, na wengi walisema iliwasaidia. Chuo Kikuu cha Yale kikaipima kwa utaratibu: dozi ndogo tatu, siku tano kati ya moja na nyingine, chini ya macho ya madaktari. Matokeo yalichapishwa 2022. Washiriki walikuwa 14 tu, na tofauti iliyoonekana haikutosha kusema kwa uhakika kwamba ni dawa na si bahati. Baadaye waliorudia walipungukiwa na mashambulio karibu nusu, lakini ni watu wachache mno. Mimi naufuatilia utafiti huo kwa matumaini ya kweli. Lakini walichopewa Yale ni kemikali safi iliyopimwa kwa mizani. Kilichomo kwenye chupa ya Nakuru anakijua nani? Uyoga wenye sumu huua ini, na ukishasagwa hakuna jicho la kuutambua. Tena saikosilobini ni kitu kilichopigwa marufuku chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, kwa hiyo huyo muuzaji anakuuzia na kesi. Na mtu aliyesema heri asiamke hapaswi kupewa kitu cha kuvuruga akili usiku, nyumbani, bila daktari. Namba hiyo ifutwe.

Kwa hiyo juma hili fanya hivi. Chukua daftari la shule la Akinyi lililobaki kurasa, andika kila shambulio: saa ya kuanza, saa ya kuisha, upande, jicho, alichokunywa. Usiku mmoja, akikubali, mrekodi kwa simu dakika mbili, uso na vile anavyotembea. Daktari aliyesoma klasta vitabuni akiona video hiyo hatahitaji maneno mengi. Halafu mpeleke Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapo Kisumu, uombe kliniki ya madaktari bingwa na uulize kuhusu rufaa ya daktari wa neva. Kama hapatikani karibuni, kuna hospitali ya rufaa ya Moi kule Eldoret. Pitia dawati la SHA, bima ya afya ya serikali, kwanza ujue kinacholipwa. Muulize daktari kuhusu MRI, yaani picha ya ndani ya kichwa, kwa sababu mara chache uvimbe karibu na tezi ya pituitari huiga klasta. Muulize pia kama inafaa kujaribu indomethasini, kwa kuwa upo ugonjwa unaofanana sana na huu ambao dawa hiyo huuzima kabisa. Lakini kichwa kikimjia ghafla kama radi tofauti na kawaida yake, au na homa na shingo ngumu, au mkono ukafa ganzi, hiyo ni safari ya dharura.

Pombe aiache hadi msimu uishe, hata bia moja ya Jumamosi. Wakati wa msimu huweza kuleta shambulio ndani ya saa moja. Nje ya msimu huenda isimfanye chochote, ndiyo maana wengi hawaamini. Sigara kama anavuta, aiache pia, ingawa sitakuahidi kwamba klasta itaondoka nayo. Asing'olewe jino jingine.

Ng'ombe wabaki Nyakach. Kama kuna pesa ya kutafuta, iwe ya mtungi, regulata, barakoa na ECG; shemeji akitaka kusaidia, atume hiyo. Na mama mkwe usimwache nje: mpe kazi ya kushika saa usiku mmoja, dakika 15 za oksijeni, akimwona mwanawe anaketi na kutulia. Niandikie daftari likifika majuma mawili.

Sista